Usipime Wavu Ukadhani Umepima Mpira

Mwanangu, kompyuta itakupa namba kabla hujamaliza kuuliza swali. Hilo ndilo linalonitia hofu. Enzi zetu namba ilichelewa kuja. Ulikaa nayo mezani, ukaifuta, ukaiandika upya, na katika kuchelewa huko ukapata nafasi ya kujiuliza: namba hii inazungumzia nini hasa? Wewe unaandika mistari michache ya programu, zana ya mitandao iitwayo NetworkX inakumiminia vipimo chungu nzima, na kabla chai haijapoa umeshaamua kwamba umbo hili si lile.

Kaa kwanza. Najua una haraka, na sikulaumu. Nataka tuzungumze jambo moja tu: jinsi ya kutumia vipimo vya mtandao kutambua kama maumbo mawili ya topolojia ni tofauti. Nimelifundisha kwa miaka mingi. Nalipenda bado. Na nimelikosea vibaya, nitakusimulia, kwa sababu naona unaelekea palepale.

Topolojia haijali urefu wala pembe. Mpira uliobonyea ni mpira. Tyubu ya gari iliyojazwa upepo nusu, ikakunjamana, ni tyubu ileile. Kinachohesabiwa ni kile kinachobaki baada ya kuvuta, kukunja na kubonyeza, mradi tu hujachana wala hujagundisha. Je, kitu ni kipande kimoja au viwili? Kina tundu linalopenya? Ukikizunguka, je, unaweza kurudi ulikotoka ukiwa umegeuka kulia kuwa kushoto?

Sasa kompyuta haina macho ya kuliona umbo. Haiwezi kushika tyubu mkononi. Kwa hiyo tunalivika umbo wavu, tunaipa kompyuta wavu. Hapo nitatumia maneno ya wavuvi wetu wa Ziwa Tanganyika, maana yanatosha kabisa. Fundo ni mahali nyuzi zinapokutana. Uzi ni kipande kati ya mafundo mawili. Jicho ni nafasi inayozungukwa na nyuzi. Mafundo, nyuzi, macho. Ukiyashika hayo matatu umeshika nusu ya somo.

Na hapohapo mtego unaanza. Wavu uliufuma wewe. Umbo hukulifuma. Kila namba inayotoka ndani ya wavu inaweza kuwa habari za umbo, au inaweza kuwa habari za mikono yako.

Tuanze na barabara, kwa kuwa barabara zenyewe ni mtandao, hazihitaji kuvikwa kitu. Sisi wa mtaa wa Gihosha tunakaa mlimani. Barabara inapanda, inapinda, inatoa tawi, na tawi linaishia kwenye korongo. Ukitaka kwenda kwa jirani wa ng'ambo, ambaye unamwona akianika nguo, unarudi mpaka kwenye njia kuu na kushuka upya. Mtaa wa Buyenzi ni kinyume. Kule chini avenyu zimenyooka, zina namba, zinakatana kama karatasi ya miraba. Mtoto wa Buyenzi ana njia kadhaa za kwenda msikitini na kila siku anaweza kuchagua nyingine.

Tofauti hiyo unaihisi miguuni. Utaiandikaje kwa namba? Chora njia panda na miisho ya barabara kuwa mafundo, vipande vya barabara kuwa nyuzi. Hesabu nyuzi, toa mafundo, ongeza idadi ya vipande vilivyotengana. Chukua sehemu ya Buyenzi yenye vitalu vitatu kwa vinne: mafundo 20, nyuzi 31, kipande kimoja. 31 toa 20 ongeza 1, unapata 12. Chukua tawi la kwetu lenye mafundo 9 na nyuzi 8. 8 toa 9 ongeza 1, unapata sifuri. Namba hiyo ni idadi ya mizunguko isiyotegemeana. Kule kuna mizunguko kumi na miwili, hapa hakuna hata mmoja. Karel Kansky aliitumia mwaka 1963 katika kitabu chake kuhusu mitandao ya usafiri, na wanajiografia wanaitumia mpaka leo. Wanatopolojia walikuwa nayo zamani. Wanaiita namba ya Betti, jina alilolitoa Henri Poincaré kumheshimu Mwitaliano Enrico Betti.

Sasa tazama kwa makini, maana hapa ndipo ninapotaka utulie. Mtu anafungua kioski katikati ya avenyu moja ya Buyenzi. Wewe, kwa kuwa unapenda ramani kamili, unaweka fundo pale kwenye kioski. Uzi mmoja umekuwa miwili. Mafundo ni 21, nyuzi ni 32. 32 toa 21 ongeza 1: kumi na mbili. Haikutikisika. Lakini iulize kompyuta wastani wa nyuzi kwa kila fundo. Kabla ya kioski ulikuwa 3.1. Baada ya kioski ni 3.05 hivi. Je, Buyenzi imebadilika? Avenyu ni zilezile. Umebadilika mchoro wako. Wastani ule ulikuwa unakuhesabu wewe.

Kipimo cha kwanza kinastahili kuitwa kipimo cha umbo. Cha pili, peke yake, hakistahili.

Usidhani mizunguko ni mambo ya darasani tu. Kutoka Gihosha kwenda Buyenzi lazima uvuke Ntahangwa. Mto huo umekuwa ukila kingo zake mwaka baada ya mwaka, na nyumba zimeondoka na udongo. Chora mji kuwa mtandao, pande mbili za mto na madaraja kati yake. Daraja la kwanza linaunganisha vipande viwili kuwa kimoja. Kila daraja linaloongezwa baada ya hilo linaleta mzunguko mmoja mpya. Likianguka moja, mzunguko mmoja umepotea, watu wanazunguka mbali zaidi. Likianguka la mwisho, hakuna mzunguko wa kupoteza tena. Kinachobadilika ni idadi ya vipande, kutoka kimoja kuwa viwili, na hapo mgonjwa wa upande huu hafiki upande ule. Namba mbili hizo, vipande na mizunguko, zinakwambia jambo ambalo jumla ya kilomita za barabara haitakwambia kamwe. Leonhard Euler aliandika juu ya madaraja 7 ya mji wa Königsberg mwaka 1736, na hesabu ya mitandao ikazaliwa pale. Mimi husema kama angezaliwa kwetu angeianzia Ntahangwa.

Tutoke kwenye barabara sasa, twende kwenye nyuso: mpira na tyubu. Hapa ndipo nilipokosea.

Nilikuwa nafundisha darasa la mwisho la sekondari. Tulichukua boksi la katoni, ambalo kwa topolojia ni mpira uliobonyezwa pande sita. Tukachora miraba juu yake. Kila upande wa boksi ukiwa jicho moja kubwa, mafundo ni 8, nyuzi 12, macho 6, na kila fundo lina nyuzi tatu. Tukagawa kila upande kuwa miraba 10 kwa 10. Mafundo yakawa 602, nyuzi 1,200, macho 600. Wastani wa nyuzi kwa fundo ukapanda kutoka 3 hadi 3.987. Halafu tukachora miraba juu ya tyubu. Kila fundo lilikuwa na nyuzi nne, bila kubakiza. Wastani ni 4.

Nikawaambia wanafunzi: mnaona, kadiri wavu unavyokuwa mwembamba, mpira nao unaelekea 4. Tofauti inakufa. Kwa hiyo kuhesabu nyuzi kwenye mafundo hakuwezi kutofautisha mpira na tyubu. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa na kupiga mstari chini.

Msichana mmoja akanyanyua mkono. Akasema, mwalimu, mimi sikutafuta wastani. Nimehesabu tu mafundo yanayopungukiwa. Kwenye boksi la kwanza ni nane. Kwenye la miraba kumi ni nane pia. Nikamjibu kwamba hizo ni pembe za boksi tu, na mpira wa kweli hauna pembe. Akasema, basi tuchore juu ya mpira. Nikamwambia muda umekwisha.

Muda haukuwa umekwisha, mwanangu. Subira yangu ndiyo iliyokwisha.

Baadaye nilijaribu nyumbani. Nilichukua mpira wa watoto na kalamu ya wino, nikachora macho ya nyuzi nne nne kila mahali, huku nikijitahidi kulifuta lile nane. Sikuweza. Nikificha fundo la nyuzi tatu upande huu, linachomoza jingine upande ule. Nikiweka fundo la nyuzi tano, ambalo lina ziada ya moja, mara yanatokea mafundo tisa ya nyuzi tatu badala ya nane. Ukijumlisha upungufu na kutoa ziada, jibu ni nane. Wavu mnene, wavu mwembamba, wavu uliopinda, nane.

Sababu yake ni fupi na ningepaswa kuijua, kwa kuwa fomula yake nilikuwa naifundisha muhula uliotangulia. Euler alimwandikia rafiki yake Goldbach mwaka 1750 kwamba kwa maumbo ya namna ya boksi, mafundo toa nyuzi ongeza macho ni 2 daima. Sasa, kama kila jicho lina nyuzi nne na kila uzi ni wa macho mawili, macho ni nusu ya nyuzi. Fanya hesabu polepole kwenye karatasi: jumla ya upungufu wa mafundo yote, kila fundo likitarajiwa nyuzi nne, ni mara nne ya namba ile ya Euler. Mpira una 2, upungufu ni 8. Tyubu ina 0, upungufu ni 0. Umbo lenye matundu mawili yanayopenya lina hasi 2, na hapo mafundo yanakuwa na ziada ya 8, upende usipende.

Habari ilikuwapo kwenye wavu tangu mwanzo. Wastani uliimeza. Unapogawa nane kwa mafundo 602, unapata tofauti ndogo. Ukigawa kwa mafundo laki moja, unapata 0.00008, na mtu mwenye haraka anaiita hitilafu ya kukadiria na kuikata. Yule msichana hakugawa. Alijumlisha. Nilimwomba radhi tulipokutana miaka mingi baadaye, akiwa na watoto wake. Alicheka, hakukumbuka kitu. Mimi nakumbuka hata rangi ya chaki.

Kwa hiyo ukiona wastani, uliza kabla ya yote: jumla yake ilikuwa nini? Usiruhusu programu igawe kabla hujaona kinachogawanywa.

Kuna vipimo vingine vinavyopendwa sana siku hizi, na vingi vilitengenezwa kwa kazi nyingine kabisa. Kimoja kinauliza: majirani wa fundo hili, je, nao ni majirani wao kwa wao? Duncan Watts na Steven Strogatz walikifanya maarufu mwaka 1998. Ni kipimo kizuri ukitaka kujua kama marafiki wa mtu wanafahamiana. Sasa kipeleke kwenye uso wa ardhi tambarare. Vika ardhi wavu wa miraba. Hakuna majirani wawili wa fundo wanaounganishwa na uzi, jibu ni 0. Halafu piga uzi wa mshazari katikati ya kila jicho, yote kwa mwelekeo mmoja. Kila fundo sasa lina majirani sita, na jibu linaruka hadi 0.4. Ardhi ni ileile. Hukuchimba shimo, hukujenga daraja. Mtu akikuletea nyavu mbili, moja ina 0 na nyingine 0.4, akakwambia amegundua nchi mbili tofauti, mwambie amegundua nyavu mbili.

Njia fupi kati ya mafundo nayo ina ujanja wake. Kwenye wavu wa miraba, kwenda pembe kwa pembe ni kupanda ngazi, na hata ukiufanya wavu uwe mwembamba kiasi gani, urefu wa ngazi haupungui kufikia urefu wa mshazari. Kuna jambo moja tu la njia ambalo ninaliamini kiasi, nalo ni jinsi idadi inavyokua. Simama kwenye fundo, hesabu mafundo unayoweza kuyafikia, pamoja na hilo ulilosimama, kwa hatua moja, mbili, tatu. Kwenye kamba iliyonyooka unapata 3, 5, 7. Kwenye wavu wa miraba uliotandazwa, 5, 13, 25. Kwenye miraba iliyorundikwa ujazo kama matofali, 7, 25, 63. Namba zenyewe ni za wavu. Lakini kasi ya kukua, kama ni ya mstari, ya mraba au ya mchemraba, hiyo inakunong'oneza habari za umbo: kama unatembea juu ya kamba, juu ya uso, au ndani ya kitu kizima. Uliza kasi, usishikilie namba. Na usitembee mbali mno, kwa maana tyubu ikishazungukwa, hesabu inajirudia na kasi inakufa.

Utajuaje basi kipimo kipi ni cha umbo na kipi ni cha mikono yako? Hakuna siri. Chora upya. Weka fundo katikati ya uzi, pima tena. Piga mshazari kwenye jicho, pima tena. Ongeza fundo katikati ya jicho na uliunganishe na pembe zote, pima tena. Mafundo toa nyuzi ongeza macho haitatikisika: mshazari unaongeza uzi mmoja na jicho moja, vinafutana. Fundo katikati ya uzi linaongeza fundo moja na uzi mmoja, vinafutana. Kipimo kikitikisika, usikitupe. Jiulize kama ndani yake kuna jumla iliyofichwa, kama ile nane. Lakini usikipeleke mbele za watu kusema maumbo ni tofauti. Kazi hii ya kuchora upya inachosha, najua. Inaonekana kama kurudi nyuma. Vijana wengi niliowafundisha waliiacha hapohapo, na wenye akili zaidi ndio walioiacha mapema, kwa sababu jibu la kwanza lilikuwa limewapendeza.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo ni baya zaidi kwa kuwa linavaa nguo za ushahidi. Namba mbili za kweli zikitofautiana, maumbo ni tofauti, mjadala umefungwa. Lakini namba zikifanana? Hapo hujajua kitu bado.

Chukua karatasi ya miraba 10 kwa 10. Unganisha ukingo wa kushoto na wa kulia, halafu wa juu na wa chini, bila kupindua. Umepata tyubu: mafundo 100, nyuzi 200, macho 100, na 100 toa 200 ongeza 100 ni sifuri. Chukua karatasi nyingine, fanya vilevile, ila katika kuunganisha mara ya pili uupindue ukingo. Mikononi huwezi bila karatasi kujipenya, lakini kwenye orodha ya kompyuta inawezekana bila shida. Umepata chupa ya Klein, umbo alilolieleza Mjerumani Felix Klein mwaka 1882. Mafundo 100, nyuzi 200, macho 100. Sifuri. Liulize fundo lolote habari za jirani zake, jibu ni lile la kwenye tyubu, nyuzi nne, hakuna pungufu hata moja.

Na bado si umbo moja. Mpe kila jicho mshale unaolizunguka. Macho mawili yanaposhirikiana uzi, mishale yao iupite uzi huo kwa mielekeo inayopingana. Kwenye tyubu utafanikiwa kwa macho yote mia. Kwenye chupa ya Klein utaenda vizuri, utaenda vizuri, halafu mahali fulani mshale utagoma, na ukirekebisha hapo utagoma pengine. Hilo nalo ni jambo la wavu, kompyuta inalimudu kwa muda mfupi. Lakini lazima wewe uwe umeliuliza. Hakuna kipimo cha kawaida kitakachokuuliza kwa niaba yako.

Kuna njia nyingine ya kuziona hizi mbili, nami naipenda kupita kiasi. Chora nyumba tano kwenye karatasi, kila moja iwe na njia yake ya kwenda kwa kila nyingine, njia zisikatane. Haiwezekani juu ya karatasi, wala juu ya mpira. Ruhusu daraja moja, njia moja ipite juu ya nyingine, inawezekana. Juu ya tyubu unaweza kufika nyumba saba, zote zimeunganishwa na zote, bila kukatana popote. Ifanye kila nyumba iwe nchi na kila njia iwe mpaka wa nchi mbili, majirani wasipewe rangi moja, na swali linakuwa la kupaka ramani rangi. Percy Heawood alionyesha mwaka 1890 kwamba ramani yoyote juu ya tyubu inatosheka na rangi saba, na kuna ramani zinazozihitaji zote saba. Juu ya chupa ya Klein hesabu ya Heawood ilitarajia saba pia. Mwaka 1934 Philip Franklin akathibitisha kwamba sita zinatosha. Nyumba saba hazikai pale. Namba ya Euler ni ileile, lakini umbo moja linawapokea majirani saba na jingine linawakataa. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilikesha mpaka usiku wa manane nikichora.

Kwa nyuso zilizofungika, zisizo na ukingo, za kipande kimoja, mambo ni mazuri. Namba ya Euler pamoja na swali la mishale vinatosha kabisa. Max Dehn na Poul Heegaard waliandika uthibitisho wake mwaka 1907. Ukipanda juu zaidi, kutoka nyuso kwenda maumbo yenye daimensheni zaidi ya mbili, hewa inakuwa nyembamba. Poincaré, ambaye hesabu hizi karibu zote zinapitia mikononi mwake, aliandika mwaka 1900 kwamba namba za aina hii zinatosha kuutambua mpira wa daimensheni tatu. Mwaka 1904 akatoa umbo alilolijenga mwenyewe, lenye namba zilezile za mpira, na ambalo si mpira. Alijikosoa hadharani, kwa maandishi, kisha akauliza swali jipya lililo makini zaidi. Swali hilo lilijibiwa na Grigori Perelman katika maandiko ya mwaka 2002 na 2003. Karibu miaka mia. Na kwa maumbo ya daimensheni nne, Andrei Markov alithibitisha mwaka 1958 kwamba hakuna utaratibu wowote wa kompyuta utakaoweza kupokea maumbo mawili yoyote na kusema daima kama ni mamoja. Si kwamba haujapatikana. Hauwezi kuwapo. Kwa hiyo mtu akikuuzia programu inayotofautisha maumbo yote duniani, mrudishie.

Jambo moja limebaki, na ndilo utakalokutana nalo kazini. Mara nyingi hutapewa wavu. Utapewa vidoti tu: mahali nyumba zilipo, mahali mabomba yanapopasuka, mahali simu ilipoita. Wewe ndiye utakayeamua vidoti vipi viunganishwe. Vijana huchagua umbali mmoja, tuseme mita hamsini, wanaunganisha, wanapima, wanaandika. Kwa nini hamsini? Kwa sababu picha ilipendeza.

Fikiria nyumba zetu zilizozunguka korongo moja hapa Gihosha. Unganisha zilizo karibu sana, na kila nyumba tatu zinazofikiana zote ujaze nafasi iliyo kati yake. Mwanzoni una vipande vingi vilivyotawanyika. Ongeza umbali. Vipande vinaungana, vinatokea vijitundu vidogo kati ya nyumba, vinazibika haraka. Ongeza tena. Pete moja inazunguka korongo, na haizibiki. Unaongeza, bado ipo. Unaongeza, bado ipo. Mpaka umbali uwe mkubwa kiasi cha kuruka korongo lenyewe, ndipo inazibika. Vile vijitundu vilikuwa bahati ya wapi mtu alijenga. Pete iliyodumu ndiyo korongo. Herbert Edelsbrunner, David Letscher na Afra Zomorodian walichapisha mwaka 2002 namna ya kuhesabu kudumu huko, kila tundu likiandikiwa umbali lilipozaliwa na umbali lilipokufa. Usichague umbali mmoja. Pitia yote, andika kinachodumu na kwa muda gani, na umwonyeshe msomaji orodha nzima, pamoja na vijitundu vilivyokufa mapema. Huenda yeye akaona jambo ambalo wewe hukuliona.

Jumapili njoo nyumbani na karatasi za miraba, si kompyuta. Nataka uchore tyubu kwenye mraba bapa, kingo zikiunganishwa kwa akili tu, na uziweke nyumba saba, kila moja na njia ya kwenda kwa zote. Njia zitakuwa ishirini na moja. Macho yakikaa sawasawa yatakuwa kumi na manne, ya pembe tatu yote. Utachora na kufuta sana kabla haijakubali. Ikikubali, pindua ukingo mmoja uwe chupa ya Klein, kisha unionyeshe ni njia ipi inakuwa ya kwanza kukosa pa kupita.